Picha, Picha, Kitufe

Asubuhi nyumbani kwa kina Chiriku haikuanza kwa jogoo wala kwa kengele ya saa. Ilianza kwa pasi. Mama yake alikuwa dobi, na kabla majirani hawajageukia ubavu wa pili, yeye alikuwa keshanyunyizia shati la mtu maji na kulikandamiza, fssss! Mvuke wenye harufu ya sabuni na wanga ukapita chini ya mlango mpaka kitandani. Hapo Chiriku alijua kumekucha. Hakuwa na haja ya kuchungulia dirishani, maana macho yake yalizimwa na ugonjwa tangu hajajua kutambaa.

Jina la Chiriku alipewa na kaka yake kwa sababu ya maneno mengi. "Huyu akinyamaza," kaka alikuwa akisema, "msiulize, mpelekeni hospitali." Jina likamganda, hata walimu wakalizoea.

Kaka alifanya kazi kitengo cha kompyuta pale halmashauri. Ofisi yao ilikuwa mbele kidogo ya shule, kwa hiyo kila asubuhi walitoka pamoja, Chiriku amemshika kaka kiwiko. Kaka akisema "dimbwi," Chiriku aliruka. Akisema "ngazi," aliinua mguu. Hakuwahi kuuliza mara mbili. Tangu Chiriku aanze kutembea, kaka hakuwahi kumwambia njia ni nzuri halafu pakawa na shimo.

Njiani walitegana vitendawili, tena vya kujitungia.

"Kitendawili!" alisema kaka.

"Tega!"

"Anasema kutwa kucha, hana ulimi, hana meno, wala hatui kumeza mate."

"Aa, huyo si Shangazi!"

Wakacheka wote wawili. Shangazi hakuwa ndugu yao. Ilikuwa ile sauti ya ndani ya simu ya Chiriku, inayosoma kila kitu ambacho kidole kinapita juu yake. Chiriku aliiita Shangazi kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanamke mkali asiyependa kukatizwa. Kwa msaada wa Shangazi huyo alisoma habari, aliandika ujumbe, na alimcheka kaka kila alipokosea kuandika neno.

Wakati wa mvua zilizopita, kaka alirudi nyumbani na jambo. Halmashauri ilikuwa ikitengeneza tovuti mpya, na kazi hiyo alikabidhiwa yeye. Alimkalisha Chiriku kati ya marundo ya nguo za watu, akamfungulia kurasa kwenye simu.

"Nijaribie, mdogo wangu. Niambie kila unapokwama. Usinionee haya."

Kumwambia Chiriku asione haya kusema ni sawa na kumwambia bata asione haya kuogelea. Alisema! "Hapa Shangazi anasema 'kitufe' tu. Kitufe cha nini? Cha kutuma au cha kufuta? Hapa kuna kitu lakini Shangazi anakiruka kama hakipo. Na hapa nimeingia, sasa sijui pa kutokea."

"Nimepata," kaka aliitikia. "Ee, na hilo nimelipata. Yote nitayatengeneza."

Walipomaliza, kaka alimsimulia habari za mteja wa mama aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya mfuko wa koti, yakafuliwa pamoja na koti lake. Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu, na kaka akampiga picha.

Kesho yake darasa zima lilijua. "Mimi ndiye mkaguzi wa tovuti ya halmashauri," Chiriku alitangaza. "Mkiiona inakwenda vizuri, mjue pana mkono wangu."

Tovuti ikazinduliwa kwa muziki na hotuba ndefu. Watu wakapiga makofi, wakarudi makwao.

Mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni, Mwalimu wa darasa aliwaambia wanafunzi wake kwamba maombi ya sekondari yamefunguliwa. Mara hii hakuna karatasi. Yote yanapitia kwenye tovuti ya halmashauri, na mwisho ni Ijumaa. Kisha akaja kusimama karibu na dawati la Chiriku.

"Kuna shule moja," alisema, "ina vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole, na ina kompyuta zinazosema. Inachukua wanafunzi wachache sana. Sharti lao ni kwamba mwombaji ajaze maombi yake mwenyewe, nami nithibitishe kuwa hakusaidiwa. Wanataka kujua kama kweli anaweza kuitumia kompyuta."

 Hiyo ndiyo shule aliyokuwa akiiota Chiriku. Hapo walipokuwa, kitabu cha nukta nundu kilikuwa kimoja tu, cha hadithi, na nukta zake zilikuwa zimelala kwa kusomwa sana. Masomo mengine yote alisomewa na jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kifutio kwa kuwa daftari zake zilikuwa na matundu kwa kufutafuta. Kifutio alimsomea kwa moyo mmoja, lakini mistari asiyoipenda aliiruka.

"Mwalimu, asiyeona atajazaje kitu cha kwenye kioo?" aliuliza mwanafunzi wa nyuma.

"Swali zuri hilo. Nchi yetu ina sheria," alisema Mwalimu. "Inasema kila tovuti ya ofisi ya umma lazima iweze kutumiwa na kila mwananchi. Asiyeona, asiyesikia, mwenye mikono inayotetemeka, mzee ambaye macho yamempungua, wote. Tena kila ofisi lazima iweke tamko mbele ya watu, iseme kweli tupu: hapa tumefanya, hapa bado. Na mtu akikwama ana haki ya kulalamika. Ofisi lazima imjibu, na impe njia nyingine wakati wanatengeneza."

"Tena ina mkaguzi!" Chiriku alidakia.

Darasa likacheka, naye akacheka.

Mchana waliingia chumba cha kompyuta. Wenzake waliketi wawili wawili mbele ya mashine. Chiriku alitumia simu yake, na Mwalimu akamwambia amwache Shangazi aseme kwa sauti ili asikie jinsi kazi inavyokwenda.

Chiriku alifungua ukurasa wa maombi, akapitisha kidole.

"Picha," alisema Shangazi.

Akasogeza kidole.

"Picha. Picha. Picha. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" Chiriku alinong'ona. Akakibonyeza. Ukurasa ukarudi mwanzo. Akaanza tena, taratibu.

"Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika."

Aandike nini? Jina? Siku ya kuzaliwa? Akabahatisha, akaandika jina lake kwenye sehemu ya kwanza, la mama kwenye ya pili. Chini palikuwa na vitufe viwili. Akachagua kimoja. Yote aliyoandika yakafutika.

Jasho lilianza kumtoka. Alisikia wenzake wakisema, "Yangu imeshakwenda!" na viti vikisukumwa nyuma. Yeye alirudi mwanzo mara nyingi mpaka kidole kikawa kizito. Labda nimesahau kutumia simu, alijiambia. Labda mimi ndiye mjinga.

"He! Chiriku!" Kifutio aliita kutoka kwenye kompyuta yake. "Huyu si wewe? Umewekwa kwenye tovuti! Umecheka mpaka magego yanaonekana!"

"Nimewekwa wapi?"

"Hapa, kwenye lile tamko alilosema Mwalimu." Kifutio akasoma, na safari hii hakuruka mstari hata mmoja. "Tovuti hii inasomeka kikamilifu na watu wote. Imejaribiwa na kuthibitishwa na msichana asiyeona, anayeonekana pichani akifurahia huduma zetu."

 Sauti moja ikatoka pembeni. "Mkaguzi, kwani ulikagua ukiwa umelala?"

"Alipewa pipi, akasema safi!" akaongeza mwingine.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu. Akainama karibu na Chiriku. "Mwanangu, ulithibitisha?"

"Sikuthibitisha, Mwalimu. Nilisema haisomeki. Nilimwambia kila mahali." Akaiweka simu chini. "Nilimwambia kaka."

Jioni hiyo alirudi nyumbani na Kifutio, akakaa kwenye benchi pembeni ya meza ya kupigia pasi, mikono mapajani. Mama alimtazama, akaiweka pasi chini. Kabla hajauliza, kaka akaingia.

"Mbona hukunisubiri getini? Nimekutafuta mpaka mlinzi ananicheka."

"Kitendawili," alisema Chiriku.

Kaka alisita. Haikuwa sauti ya mchezo. "Tega."

"Nina dada mcheshi. Nimemtundika ukutani ndani ya nyumba yangu nzuri, anacheka mchana na usiku. Lakini mwenyewe yuko nje, mlango umemkataa."

 Chiriku alimsikia kaka akivuta kiti, kisha asikikalie.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa. Nitakupa mji, chagua wowote."

"Sitaki mji, kaka. Nataka ukweli."

Basi kaka akaueleza, huku akizungusha funguo mkononi. Sherehe ya uzinduzi ilikuwa imekaribia. Wakubwa walitaka tovuti ipate alama ya kijani. Alama hiyo hutolewa na programu ya ukaguzi, na programu haina akili, inaangalia tu kama kila picha imeandikiwa maelezo ya kusomwa kwa sauti.

"Picha zilikuwa nyingi mno, mdogo wangu. Kila moja ilitaka maelezo yake. Kwa hiyo... ilibidi niandike neno moja kote, nikabandika."

"Neno gani?"

"Picha."

"Na vitufe?"

"Kitufe."

"Yaani umeniwekea nyumba yenye milango mia, na kila mlango umeuandika 'mlango'."

"Alama ya kijani ikatoka," kaka alisema kwa sauti ndogo. "Nilikusudia kurudi kutengeneza. Kazi zikanizidi. Na lile tamko walitaka liwe na mtu wa kweli, nikakumbuka ile picha yako. Nilidhani utafurahi kuonekana."

"Nimeonekana," Chiriku alisema. "Darasa zima limeniona."

Mama alikuwa akisikiliza muda wote huo, shati la mtu likipoa mezani. Sasa akasema, "Wewe baba, umeipiga pasi nguo ambayo hujaifua. Kwa mbali inang'aa. Anayeivaa ndiye anayejua."

"Mama, nitalimaliza hili," kaka alisema haraka. "Chiriku, lete simu. Nakujazia sasa hivi, tunatuma, tunamwambia Mwalimu ulijaza mwenyewe nyumbani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe."

"Basi unataka nini? Ukalalamike? Wakijua nilichofanya watanifukuza. Ada ya hiyo shule yenyewe italipwa na nani?"

Hilo lilimchoma Chiriku kuliko yote. Aliyemfungia mlango ndiye aliyekuwa sasa akimwomba asigonge. Aligeuza uso upande wa mama, akangoja.

Mama alivuta pumzi. "Siwezi kukwambia kalalamike, wala siwezi kukwambia usilalamike. Nyote mmetoka kwenye tumbo hili. Ila kitu kimoja nakwambia: shule ni yako, na mdomo ni wako. Sitauziba mimi."

Asubuhi, pasi iliposema fssss, Chiriku alikuwa ameshavaa. Hakumshika kaka kiwiko. Alitembea na fimbo yake ukingoni mwa barabara, nyuma kidogo ya Kifutio aliyekuwa akimsimulia kila kitu, pamoja na visivyohitajika. Nyuma yao alisikia viatu vya kaka. Havikuwakaribia, havikuwaacha.

"Nataka kulalamika," alimwambia Mwalimu.

Wakajaribu kwanza kwenye tovuti, kama inavyotakiwa. Shangazi akasema, "Kitufe. Kitufe. Picha." Mwalimu akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, wakaenda halmashauri kwa miguu.

Kwenye benchi la mapokezi palikuwa na mzee mmoja, fundi saa, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kibali cha kibanda chake. Wakati Mwalimu akizungumza na mlinzi, mzee alimsikia Shangazi akitaja saa, akamsogelea Chiriku.

"Binti, hiyo simu yako inasema? Yangu haisemi, na mimi sioni vizuri. Nilizikazia macho herufi za tovuti yao, za rangi ya majivu juu ya rangi ya majivu, nikaona nimezeeka vibaya."

"Shikamoo, babu. Mimi jana nilidhani ni mjinga."

"Marahaba. Basi tumekutana wawili."

Karani wa mapokezi alikuwa mwenye haraka. "Malalamiko siku hizi tunayapokea kwenye tovuti tu, mwanangu. Nenda chini kabisa, bonyeza kile kitufe chekundu."

"Shangazi hajui rangi," alisema Chiriku.

"He! Na shangazi yako naye haoni?"

Mwalimu alikohoa ili asicheke. Chiriku hakucheka. "Naomba kuonana na mkubwa wa ofisi. Ninayoilalamikia ndiyo hiyo hiyo tovuti. Sheria inasema nikikwama nipewe njia nyingine. Njia yangu nyingine ndiyo hii, nimekuja."

 Karani akaenda kumwita Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na mkufu uliogongagonga meza kila alipoinama. Aliwakaribisha ofisini, akasikiliza, kisha akaagiza aitwe aliyeitengeneza tovuti. Mlango ulipofunguka, kabla mtu hajasema neno, Chiriku alisikia harufu ya wanga. Lilikuwa shati la kaka, lililopigwa pasi na mama asubuhi hiyo.

"Nionyeshe, binti," alisema Mkurugenzi.

Chiriku aliweka simu mezani, akapitisha kidole.

"Picha," alisema Shangazi. "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Sehemu ya kuandika."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo maombi ya sekondari," alijibu Chiriku.

Mkurugenzi alinyoosha mkono, akapitisha kidole chake mwenyewe. "Picha," alisema Shangazi kwa ukali ule ule, bila kujali cheo.

Kiti kililia. Mkurugenzi alimgeukia kaka. "Sielewi. Kwenye tamko letu pana picha ya msichana akicheka, na ninaona ni huyu huyu. Pameandikwa alijaribu, akathibitisha. Leo amekaa mbele yangu anasema haisomeki. Niambie, inawezekana mtoto hajaizoea simu yake?"

 Swali lile lilikuwa mlango wazi, na aliyefunguliwa ni kaka. Akisema "inawezekana," mambo yataisha. Wote watamwamini, maana yeye ni mtu mzima, ni mtaalamu, tena anaona. Feni ilizunguka juu. Kaka hakusema neno. Ukimya ule ukarefuka, na kadiri ulivyorefuka ndivyo Chiriku alivyozidi kuhisi kwamba anauzwa mara ya pili.

"Hapana," kaka akasema mwishowe. "Anaijua kuliko mimi. Alinionyesha kasoro zote mapema. Nikamwambia nitatengeneza. Sikutengeneza."

Akaeleza yote, kama alivyoeleza nyumbani, ila safari hii hakusema "ilibidi".

"Na msichana huyu umempata wapi?"

"Ni mdogo wangu."

Mkufu uligonga meza.  Kisha Mkurugenzi akasema, polepole kuliko mwanzo, "Alama ya kijani niliitaka mimi. Ilipoletwa nilifurahi, sikuuliza imepatikanaje. Hilo nitalibeba mwenyewe. La kwako utapewa barua ya onyo, uijibu. Tamko litoke leo, liandikwe upya liseme tulipofika kweli, hata kama ni aibu. Muda wa maombi uongezwe. Ambaye tovuti imemkataa ahudumiwe mezani au kwa simu, wala asirudishwe nyumbani. Na wewe utaanza na ukurasa huu wa maombi. Siku ukidhani umemaliza, usiniletee alama. Niletee watu walioutumia."

"Na picha yangu," alisema Chiriku.

"Nini kuhusu picha yako?"

"Naomba itoke. Pamoja na maneno yake."

"Itatoka, binti. Utuwie radhi."

Walipotoka, fundi saa alikuwa ameketi mbele ya karani, anasomewa kibali chake neno kwa neno. Karani alikuwa bado na haraka, lakini alisoma.

Siku zilizofuata kaka alitoka asubuhi na mapema na kurudi amechoka. Hakumwomba Chiriku amjaribie, na Chiriku hakujitolea. Kaka alikwenda kwa wengine. Alikaa na fundi saa, alikaa na mwanamke asiyesikia wa duka la vitambaa, alikaa na vijana wa chama cha wasioona, wakamfundisha kutumia tovuti yake mwenyewe huku kioo cha simu kimezimwa. Wanasema siku ya kwanza alipotea kwenye ukurasa wa mbele, wakamcheka sana.

Mwalimu aliposikia ukurasa wa maombi uko tayari, alimwita Chiriku chumba cha kompyuta. Darasa zima likajazana mlangoni, hata wale waliomtania.

Kidole kikapita juu ya kioo.

"Maombi ya kujiunga na sekondari," alisema Shangazi. "Jina la mwombaji. Andika hapa."

Chiriku akaandika. Siku ya kuzaliwa, akaandika. Jina la shule anayoomba, akaandika pia. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, asiguse kitu.

"Kitufe. Futa yote. Kitufe. Tuma maombi."

Alibonyeza.

"Maombi yako yamepokelewa."

Kifutio alipiga kelele kama aliyepokelewa ni yeye. Wengine wakapiga makofi. Yule wa pembeni aliyemwita mkaguzi aliyelala akaja kusema samahani. Chiriku akamwambia, "Sawa, lakini pipi utanunua wewe."

Mwalimu akawanyamazisha. "Mmeona sheria inavyofanya kazi," alisema. "Haikuweza kumlazimisha mtu awe mkweli. Lakini aliyedanganywa ilimpa mahali pa kusimama na kusema. Mahali hapo ni penu wote. Mkikwama kwenye huduma ya umma, msikimbilie kujiita wajinga. Ulizeni kwanza, mlango huu ulijengwa kwa ajili ya nani?"

Jioni, mama alikuwa akikunja nguo. Kaka alisimama mlangoni, hakuingia moja kwa moja.

"Picha nimeitoa siku ile ile," alisema. "Nimesikia umetuma mwenyewe. Hongera."

"Ahsante."

"Mdogo wangu, umenisamehe?"

Chiriku alifikiri. "Bado inapakia, kaka."

Kaka alianza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Lakini nilisema kweli mwishoni. Nimetengeneza kila kitu. Nifanye nini tena?"

"Usimkimbize," alisema mama. Aliiweka chini nguo aliyokuwa nayo. "Kuomba radhi ni kazi yako, umeifanya. Kusamehe ni kazi yake, mwachie afanye kwa mwendo wake. Unajua kilichomuuma? Si tovuti. Ulimwambia 'nitatengeneza,' akakuamini, akaenda kulala. Mtu baki asingeweza kumuumiza hivi, maana mtu baki hakuaminiwa kiasi hicho. Kumbuka hilo, na wewe Chiriku likumbuke, utakuwa mkubwa na watu watakuamini. Anayekuamini mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni 'bado sijafanya.' Kusema bado si aibu. Aibu ni kumweka mtu anacheka mahali ambapo amekwama."

 Kaka alibaki palepale mlangoni, kichwa ameinamisha.

Baada ya muda Chiriku alipapasa pembeni yake, akalisogeza rundo la nguo zilizokunjwa mpaka mwisho wa benchi. Pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Kaka akaja, akakaa.